Kamera ya Ricoh GR III au Olympus TG-6 kwa picha za taswira majini, yaani vitu vinavyojiakisi juu ya maji?

Zote zilitoka 2019, zote zinaingia mfukoni. Kwa ubora wa picha, GR III iko mbele sana: sensa (kipande kinachopokea mwanga) kubwa, megapikseli 24, hata taswira nyeusi ya jahazi alfajiri bado inaonyesha kamba na viraka vya tanga. TG-6 ina sensa ndogo, megapikseli 12. Mwanga ukipungua, chenga tele.

Lakini TG-6 unaishusha mpaka lenzi ikaribie kugusa maji, na hapo ndipo taswira hujaza fremu. Huhimili kuzamishwa hadi mita 15. Ukitoka baharini isuuze kwa maji yasiyo na chumvi. GR III haizuii maji wala vumbi, na haina zumu. Bei yake pia, mh!

Unapiga ukiwa gatini? GR III. Unaingia hadi kiunoni? TG-6.