Dola 70 na beki anayesimama nje ya uwanja

Zimebaki sekunde sita kwenye gemu langu la video la mpira wa Kimarekani. Naongoza kwa pointi nne, wapinzani wako yadi ya 2, yaani yadi mbili tu kutoka mstari wangu wa goli, na hilo ndilo jaribio lao la mwisho. Mpwa wangu kaacha kutafuna bisi. Namtafuta sefti wangu, yule beki wa mwisho, simwoni. Napandisha macho juu ya skrini, ndiyo namkuta: kaegemea nguzo ya goli, visigino vimekanyaga mstari wa nyuma. Kutoka kwenye mpira hadi pale ni yadi 12, mbili za uwanja na kumi za eneo la kufungia. Yaani gemu limemwambia sefti akae yadi 12 nyuma ya mpira, naye kwa utiifu wa mgambo kakaa yadi 12. Angeambiwa 15 angekaa na watazamaji.

"Mjomba, huyu anamkaba nani? Wapiga picha?"

Pasi fupi ya katikati, pale pale palipotakiwa kuwa na mtu. Tachidauni, yaani wamefunga. Msimu wangu mzima, wiki sijui ngapi za kulala saa nane usiku nikitoka zamu ya ghala, umekwenda na maji.

Kwa hiyo msitegemee nizungumzie ubora wa picha wala idadi ya timu. Hayo yameandikwa kwenye kasha. Mimi nimelinunua gemu hili hapa Columbus, Ohio, miezi kadhaa iliyopita, dola 70 kabla ya kodi, na nataka kuzungumza juu ya huyo bwana aliyesimama nguzoni.

Nilikuja Marekani kutoka Tanga na mpira wetu kichwani. Miaka ya mwanzo huu wa kwao niliuona ni ugomvi wenye mapumziko. Mpwa wangu ndiye aliyenifumbua macho. Anacheza sefti shuleni kwao, na siku moja alinichorea kwenye karatasi ya bili ya umeme kwamba kwa mabeki mchezo huu huamuliwa kabla mpira haujaguswa. Umesimama wapi, mguu upi mbele, umemwachia adui njia ya ndani au ya nje. Mbio zinakuja baadaye.

Wanaofuatilia watakumbuka fainali ya ligi ya kulipwa, Super Bowl, ya Februari 2015 kule Glendale, Arizona. Seattle wako yadi ya 1, New England wanaongoza 28 kwa 24. Malcolm Butler, kijana wa msimu wa kwanza ambaye hakuna timu iliyomchagua siku ya kuchagua wachezaji wapya, kasimama hatua kadhaa nyuma ya mwenzake Brandon Browner. Browner anamzuia mtu wake palepale asipite, Butler anaiona njia wazi, anachomoka mbele na kuinyakua pasi ya Russell Wilson wa Seattle. Watu husifu ule mchomoko. Mimi nasifu pale aliposimama. Angekuwa ndani ya gemu langu angekuwa amekumbatia nguzo, na kombe lingekwenda Seattle.

Ungekuwa ni mstari wa goli peke yake ningenyamaza. Lakini ukishaliona kosa hili, huwezi tena kutoliona. Uwanja huu una upana wa futi 160, na mpira hauanzishwi katikati kila mara. Shuleni kwa mpwa wangu zile alama fupi za ndani zinaugawa upana katika mafungu matatu sawa, kwa hiyo mpira ukiwa kwenye alama ya kushoto, upande wa kulia una nafasi mara mbili ya kushoto. Kwa timu za kulipwa alama ziko futi 70 na inchi 9 kutoka pembeni, tofauti inapungua, lakini bado upande mmoja una zaidi ya futi 18 za ziada. Hizo si za kudharau. Sefti mwenye akili anasogea upande mpana, kwa sababu upande mwembamba ule mstari wa pembeni ni beki tosha: hachoki wala hapigwi chenga.

Gemu hili halijui. Limechora ulinzi mmoja kwa mpira wa katikati, basi mpira ukihama linaihamisha picha nzima jinsi ilivyo, kama mtu anayevuta mkeka na vyombo juu yake. Upande mwembamba konabeki, yule beki wa pembeni, na sefti wanasongamana kiasi cha kugawana karanga. Upande mpana pako wazi, ungeweza kufungua gulio.

Na jaribio la tatu kati ya manne, adui anahitaji yadi 18? Lainibeka wangu, mabeki wa safu ya kati, wamesimama yadi nne kutoka mstari wa kuanzia, kama vile adui anahitaji moja. Mpira ukianza wanarudi hadi yadi ya kumi, wanafunga breki. Mpokeaji anadakia nyuma ya migongo yao, yadi ya 19, kila mara. Kocha yeyote angewaambia wakaanzie mbali, waache mpira udakwe mbele yao, kisha wamwangushe mtu kabla hajafika. Beki hazikabi, tungesema nyumbani, ila hawa hata hawajafika eneo la kukabia.

Nikaandika huduma kwa wateja. Kwa adabu, wallahi. Nikaeleza mstari wa goli, nikaeleza alama, nikaambatisha picha nne. Aliyenijibu akaniuliza kwanza kama nimejaribu kuzima mashine na kuiwasha. Nimejaribu, nikasema. Akaniuliza kama intaneti yangu ni imara. Ndugu zangu, intaneti na nguzo ya goli wapi na wapi? Mwisho akaniandikia kwamba wachezaji wengi wanaona ulinzi mgumu mwanzoni, hivyo nijaribu kiwango cha wanaoanza. Akaweka na kikatuni cha kutabasamu.

Kiwango cha wanaoanza! Mimi, niliyemweleza futi na inchi!

Nikajibu tena, maneno mengine siyaweki hapa. Akarudi na hoja kwamba hata mabeki wa kweli hukosea. Najua hukosea. Kazini kwetu kuna mzee ambaye mpaka leo ukimtajia Tim Biakabutuka anaweka chini kikombe cha kahawa. Mzaliwa wa Kinshasa yule, mwaka 1995 akiwa na timu ya Chuo Kikuu cha Michigan alikimbia na mpira yadi 313 dhidi ya Ohio State, timu ya chuo ya hapa kwetu, katika mechi moja na kuwavunjia msimu ambao walikuwa hawajafungwa. Sisi Waswahili wa hapa tunafurahi kimyakimya. Lakini binadamu hukosea leo hivi, kesho vile. Sefti wangu anakosea vilevile, yadi 12, kiangazi na masika.

Nilikuwa nimeamua: nyota moja, na hiyo moja ni ya kasha.

Kisha likaja sasisho, wiki mbili tatu hizi. Nikajaribu yadi ya 2, na jamani, sefti kapanda! Yuko yadi sita, kainama, mikono tayari. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Usiku ule nilikuwa tayari kutoa nyota nne na kumwombea dua yule wa kikatuni. Hata kuangusha watu, ambako sikuwa nimekutaja kwa hasira, ni kutamu: bega likiingia unalihisi kwenye padi ya kuchezea mkononi.

Usiku uliofuata nikagundua sasa anapanda hata adui akiwa yadi ya 30. Wakampitishia mpira mrefu juu ya kichwa, akabaki anautazama kama ndege ya mizigo. Mkeka bado unavutwa, alama bado hazijulikani. Lainibeka wako palepale kwenye yadi zao nne.

Nyota mbili, basi. Labda mbili na nusu, kwa sababu ukishambulia wewe udhaifu huohuo unakupa raha ya haramu, na sitadanganya kwamba sijautumia dhidi ya mpwa wangu mara kadhaa. Ila kwa dola 70? Hapana. Subirini lishuke bei.

Risiti iko kwenye droo. Nilikuwa nilirudishe Jumamosi, hata mfuko nimeuandaa. Mpwa wangu kaniomba tumalize msimu kwanza, tuna mechi nne zimebaki, na sefti atamwongoza yeye mwenyewe kwa padi ili asije akarudi nguzoni.