Bodi ya FPGA yenye "hifadhi salama ya funguo": nimekaa nayo karibu miaka miwili, haya ndo maoni yangu

Nimechelewa kuandika na nashukuru nimechelewa, maana ningeandika mwezi ule wa kwanza ningeipa nyota tano zote na ningewaingiza watu mkenge. Jina la waliotengeneza naliacha. Ni bodi ya kawaida tu yenye chipu ya Artix-7, chipu ya kumbukumbu ya flashi pembeni, soketi ya JTAG (ya kuunganisha kompyuta na chipu) na kishikilio cha betri ya CR2032, na kwenye tangazo wameandika hifadhi salama ya funguo kwa herufi kubwa kweli kweli.

Kwa wasiozoea hizi chipu: FPGA ni chipu ambayo saketi yake unaipanga mwenyewe, na za aina hii hazihifadhi huo mpango, ukizima umeme zinausahau, ukiwasha zinasoma upya bitistrimu (faili lenye mpango wa saketi) kutoka kwenye flashi ya nje, na hiyo flashi mtu akiing'oa ananakili kazi yako yote. Ndo maana bitistrimu inafungwa kwa usimbaji wa AES wa biti 256 na ufunguo unakaa ndani ya chipu yenyewe, ama kwenye BBRAM ambayo ni kumbukumbu ndogo inayoshikiliwa na betri, ama kwenye fyuzi ambazo ukishachoma umechoma. Nilichagua BBRAM maana inafutika ukitaka na ukikosea unarudia, fyuzi haina kurudia.

Kuanza ilikuwa raha. Vivado, programu ya kutengenezea saketi za chipu hizi, ikanitolea faili la .nky lenye ufunguo wa AES, ufunguo wa HMAC (wa kuhakiki faili halijachezewa) na ile namba ya kuanzia, nikapakia kwa JTAG, bitistrimu iliyofungwa ikasoma vizuri, taa ya DONE, ya kuonyesha chipu imemaliza kusoma, ikawaka. Nikazima nikawasha mara kumi hivi, inawaka tu. Nikaiweka kazini mchana na usiku na nikaisahau.

Juzi nimeihamisha meza. Nimechomoa, nimechomeka, DONE haiwaki. Nikadhani kebo, nikadhani flashi, nikabadilisha adapta, wapi. Nikawaandikia wauzaji wakanijibu nizime niwashe tena, aisee, nilicheka kwa hasira. Ndo nikachukua multimita nikapima pini ya VCCBATT, ile inayopokea umeme wa betri, huku bodi imezimwa: volti 0.65. Chipu hii inataka kati ya 1.0 na 1.89 pale. Betri yenyewe nikaikuta na volti 1.3, imeisha kabisa.

Sasa hapa ndo penye utamu. BBRAM ya 7-series, familia ya hii Artix-7, inakunywa nanoampea 150 tu ikizidi sana, kwa betri ya CR2032 yenye miliampea-saa kama 220 hiyo ni zaidi ya miaka 160 kwenye makaratasi, yaani betri itachakaa kwa uzee wake kabla ya kumalizwa na chipu. Nani kaimaliza? Nikafuata nyaya kwa macho na tochi, kumbe volti 3 za betri ni nyingi mno kwa ile pini, na badala ya kuweka regyuleta ndogo inayokunywa kidogo, jamaa wameweka rezista mbili za kilo-ohmu 100 zinagawa volti nusu kwa nusu! Rezista hazilali jamani. Mikroampea 15 zinapita saa zote, bodi ikiwa imewaka au imezimwa, gawanya mwenyewe 220 kwa 0.015 unapata saa elfu 14 na ushee, miezi kama 20 hivi. Na kinachoudhi ni kwamba bodi ikiwa imewaka BBRAM inakula umeme wa VCCAUX, yaani wa bodi yenyewe na sio wa betri, kwa hiyo betri inaweza kuwa imekufa miezi na hakuna kinachokuonyesha mpaka siku umeme ukikatika. Wangeweka hata taa ya kuonya. Kwenye tangazo wamesema habari za wezi wa ufunguo tu, kuhusu ufunguo kupotea wenyewe hakuna hata sentensi moja, na mimi mwizi sijamuona bado.

Nilikuwa na nakala ya .nky sehemu nyingine kwa hiyo nilipona. Kama wewe huna basi kila bitistrimu iliyofungwa kwenye flashi ni takataka.

Kitu kingine ni mfano waliotuma kwenye CD. Wanachukua DNA ya chipu, ile namba ya biti 57, wanaigeuza kuwa ufunguo wa programu yako. Hapana! Hiyo namba inasomeka kwa JTAG, mtu yeyote mwenye kebo anaipata, ni kitambulisho wala sio siri. Na wengi wanadhani ufunguo wa BBRAM unaweza kuutumia ndani ya saketi yako, hauwezi, unatumika na kifungua bitistrimu peke yake. Kuna mfano wa PUF pia wa kutengeneza ufunguo kutokana na tofauti ndogo ndogo za silikoni, nikaupuliza na mashine ya kukaushia nywele na biti kadhaa zikageuka, maana hawajaweka usahihishaji wa makosa kabisa. PUF bila hiyo ni mchezo wa kubahatisha.

Na chipu yenyewe mjue ilipofika. Mwaka 2020 watafiti wa Ujerumani walitoa shambulio la Starbleed linalogusa 7-series na Virtex-6, wanaitumia chipu ijifungulie bitistrimu yenyewe na kutoa yaliyomo kidogo kidogo. Ufunguo wa AES hawaugusi, ila kama umeficha ufunguo wako mwingine ndani ya bitistrimu umeenda na maji. Haliwekewi kiraka kwa programu maana tatizo liko kwenye silikoni, lakini mtu anahitaji kufikia njia za kupakia kama JTAG, kwa hiyo usiache soketi ya JTAG wazi kwenye kifaa unachompelekea mteja. Kwa kazi yangu inatosha, kwa mashine za malipo nisingeichukua.

Kwenye bodi ya pili nimejaribu fyuzi, imekubali bila shida, ila ile biti ya kulazimisha bitistrimu zilizofungwa tu sijaichoma na sina haraka, maana ukiichoma halafu ukapoteza .nky umebaki na kipambo cha mezani.

Ya kwanza nimezing'oa rezista zote mbili, nimetoa CR2032, nimefunga kibetri cha silva oksaidi cha volti 1.55 moja kwa moja kwenye VCCBATT. Siku ya kubadilisha kibetri nitafanya hivyo bodi ikiwa imewaka ili ufunguo usipotee. Jana nimepima, 1.55 vile vile. Tarehe nimeiandika kwa makapeni pembeni ya kishikilio.

Chipu nyota nne kwa tano, bodi nyota mbili, majibu ya wauzaji sifuri.