Kujifungua mara mbili: uzoefu wangu wa wodi ya wazazi

Nimejifungua mara mbili jijini Dar es Salaam, kwanza katika hospitali kubwa ya serikali, kisha mwaka jana katika kituo cha afya cha karibu na kwetu, na nikijaliwa mtoto wa tatu nitarudi kituo cha afya, ingawa uchungu wa mara ya pili ndio uliokuwa mrefu zaidi. Hospitali ile ina madaktari bingwa na chumba cha upasuaji, na ningekuwa na presha ya mimba au mapacha ningekwenda hukohuko bila ubishi.

Huko nilipimwa njia na watu watatu. Wa mwisho hakunisalimu. Kila mmoja aliandika kitu kwenye faili akaondoka. Mtoto alipokaribia niliongezewa njia, yaani nilikatwa ukeni ili apite, nami nilitambua hivyo baadaye, nilipohisi uzi ukivutwa. Nilipouliza nimeshonwa nyuzi ngapi, muuguzi alinijibu kwamba nyuzi hazihesabiwi, jeraha ndilo linaponywa. Hadi leo sijui kwa nini nilikatwa.

Kituo cha afya hakina fahari yoyote. Kuna feni moja, na glavu, pamba, vibanio vya kitovu na mpira wa kulalia nilivinunua mwenyewe, ilhali sera inasema huduma ya uzazi katika vituo vya umma ni bure (hospitalini pia nilivinunua). Lakini mkunga alijitaja jina, akanieleza kwamba njia ikiwa imefunguka sentimita nne bado ni mapema, kwa hiyo nitembee, ninywe chai na nisibane mkojo. Kila alipotaka kunipima aliomba ruhusa, akangoja uchungu upite. Dada yangu aliruhusiwa kukaa nami nyuma ya pazia, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani lililipendekeza kwa kila mzazi katika miongozo yake ya 2018, na ambalo ni gumu kutekelezwa pale ambapo vitanda vimebanana na mapazia hayapo. Mtoto aliwekwa kifuani kwangu akiwa bado na utelezi, kisha nikaambiwa kwamba nitachomwa sindano ya paja ili damu isitoke nyingi. Sindano kama hiyo nilichomwa mara ya kwanza pia, bila neno lolote.

Dosari yao ipo baada ya kujifungua. Mzazi anatakiwa akae chini ya uangalizi kwa saa 24. Mimi niliruhusiwa baada ya muda wa saa tisa tu kwa kuwa kitanda kilihitajika. Niliporudi siku ya saba, mtoto alipimwa uzito, akakaguliwa kitovu, na tarehe ya chanjo ikaandikwa kwenye kadi. Hakuna aliyeniuliza damu inatokaje wala ninalalaje. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, mtoto begani, nilipojikaza kusema kwamba ziwa la kushoto limevimba na linawaka moto, ndipo nikaambiwa nirudi nikae.