Saa ya mfukoni inayogonga: isikilize kwanza, kasha utalitazama baadaye

Nimekaa na saa hii vya kutosha kuweza kuisifu na kuilalamikia. Ni ya Uswisi, ya mwanzoni mwa miaka ya 1900, kasha la fedha lenye alama ya 0.800 (yaani fedha asilimia 80) na uso wa enameli nyeupe. Jina la mtengenezaji halionekani popote, na hilo lisikutishe: mashine nyingi za Uswisi za enzi hizo ziliuzwa bila jina.

Yangu ni ya robo, yaani ukiiomba hukugongea saa na robo zilizopita. Pembeni mwa kasha kuna kitelezi. Ukikisukuma hadi mwisho na kukiachia, inagonga saa kwa sauti moja, kisha robo kwa sauti mbili zinazofuatana, ting-tang. Mshale mfupi ukiwa umepita 4 na mrefu uko kwenye 7, utasikia mapigo manne, halafu ting-tang mbili. Dakika tano zilizozidi haikuambii. Ukizitaka, tafuta ile inayogonga hadi dakika, na ujiandae kulipa zaidi, wewe na fundi wako. Kabla ya taa za umeme huu ulikuwa msaada wa kweli usiku. Mwaka 1687, Daniel Quare na Edward Barlow walipogombania hataza ya ufundi huu Uingereza, Mfalme James wa Pili aliichagua saa ya Quare, kwa kuwa ulibonyeza mara moja tu ukapata saa na robo; ya Barlow ilitaka mara mbili.

Sauti ndiyo inayonifanya nisiiuze. Nyaya mbili za chuma zimezunguka ukingoni mwa mashine, na vinyundo vidogo vinazigonga. Ukiishika mkononi inanong'ona. Ukiilaza juu ya meza ya mbao, sauti inajaa. Kero ni ule mvumo wa kidhibiti mwendo, kile kinachozuia mapigo yasikimbie, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kiberiti, unaosikika chini ya mapigo. Saa bora zaidi za aina hii zina kidhibiti kisichopiga kelele. Yangu haina, na usiku inaudhi. Usahihi nao ni wa kizee: inapoteza dakika moja au mbili kwa siku.

Kwenye kununua, muuzaji alinitumia picha za kasha kutoka kila upande na kuandika "inagonga vizuri". Niliomba video, na wewe omba. Mwambie aisogeze mishale hadi 12 na dakika 50, saa ikiwa haigongi, kisha asukume kitelezi. Hapo inadaiwa mapigo 12 na ting-tang tatu, ndio mzigo mkubwa kuliko wote kwa saa ya robo. Ikianza kwa kasi ikaishia kuchechemea, au ikameza robo ya mwisho, mafuta yameganda au springi imechoka. Pigo likitoka butu, pengine waya umegusa kasha. Ufa mwembamba kwenye enameli mimi siuhesabu. Mashine iliyokwanguliwa na bisibisi naihesabu sana.

Matunzo yenyewe si mengi. Ijaze, yaani ikaze springi yake ya mwendo, kila siku kwa wakati uleule, na ikikataa, acha. Usidhani kuijaza kunaongeza nguvu ya kugonga: kugonga kuna springi yake, na kitelezi ndicho kinachoijaza kila unapokisukuma. Ndiyo maana usikiachie nusu njia. Saa nzuri ina kizuizi cha kuinyamazisha isigonge hesabu pungufu, lakini kizuizi kilicholika hakitakuokoa. Mishale usiiguse inapogonga. Maji, mvuke na vumbi iepushe navyo, na zile kava za simu zenye sumaku pia: chuma cha springi ya usukani, ile nyembamba inayoongoza mwendo wa saa, kikishika sumaku, saa inaanza kukimbia ovyo. Nyaya usiziguse kwa kidole, jasho huleta kutu.

Kila baada ya miaka michache inatakiwa ifunguliwe yote, isafishwe, itiwe mafuta mapya, hata kama bado inatembea. Hapa ndipo pesa inapokwenda, kwa sababu sehemu kubwa ya mitambo ya kugonga imejificha chini ya uso, na kipuri kikivunjika hakuna cha dukani, kinachongwa. Kabla hujamwachia fundi, muulize kama amewahi kufungua saa inayogonga na akueleze atakavyoanza. Akikujibu kwamba saa ni saa tu, chukua yako uondoke.