Freti wamenyoosha, laka wameiunguza: duka lililonirudishia gitaa likiwa na dole gumba

Niseme mapema, mtu asije akaniita mnafiki huko mbele: kazi waliyolipwa waliifanya. Freti, zile fito za chuma zinazokatiza shingo ya gitaa, zimelala sawasawa, nyuzi ziko chini, hakuna inayokwaruza hata ukipiga kwa nguvu za kibao cha mwisho saa tisa usiku. Tangu nilinunue gitaa hili halijawahi kupigika namna hii. Kwa hiyo ukiniuliza kama wanajua kazi, inanibidi nijibu ndiyo, huku roho inaniuma. Ukiniuliza kama nitawapelekea tena, jibu ni hapana. Au labda. Soma kwanza.

Duka silitaji jina. Ni moja ya yale ya vyombo vya muziki hapa Dar, mbele wanauza spika na vinanda, nyuma kuna chumba cha fundi. Wapiga gitaa wa mjini watalitambua, maana fundi wa freti wa kuaminika si wengi kiasi cha kuchanganyana.

Gitaa ni Gibson Les Paul, la umeme la Kimarekani, nililinunua kwa mzee mmoja aliyepiga solo kwenye bendi za dansi mpaka vidole vikaanza kumkatalia. Nyuma ya kichwa kuna tarakimu nane zimegongwa kwenye mbao. Ya kwanza na ya tano ndizo mwaka, na tatu zilizo kati yake ni siku ya mwaka. Langu linasoma 8 na 1, yaani 1981, na tatu za mwisho zimepita 500, maana yake lilitoka Nashville, si kile kiwanda cha zamani cha Kalamazoo. Sisemi haya kujigamba. Nayasema kwa sababu jina lile kichwani peke yake linatosha kumwambia fundi kitu kimoja kabla hajashika kitambaa: hapa juu kuna laka ya nitro, yaani nitroselulosi.

Magitaa mengi ya bei ya kawaida yamefunikwa kwa poliyesta au poliyurethani. Ngumu hiyo, unafuta jasho, unafuta bia iliyomwagika, maisha yanaendelea. Nitro ni habari nyingine. Inakauka kwa kuachia dawa yake iruke hewani tu, haigeuki kuwa kitu kipya, na ndiyo sababu ukiirudishia thina baada ya miaka 40 inalainika tena palepale. Hata mpira wa stendi za bei rahisi unaila. Mzee siku ananikabidhi hakunipa mhadhara, alisema tu, "Mwanangu, hili usilifute na kitu chochote chenye harufu." Mimi si fundi, lakini hilo nililishika. Duka lenye bango la "matengenezo ya magitaa" lilitakiwa kulishika zaidi yangu.

Basi nikalipeleka, ilikuwa kabla masika hayajakolea. Tatizo lilikuwa dogo, freti za katikati zimeliwa, uzi wa tatu unakwaruza ukipanda juu. Tukapatana elfu 80, nikatoa yote mkononi. Kabla sijatoka nikalipiga picha pale kaunta, mbele na nyuma, si kwa ujanja, nilitaka kumtumia mzee aone linakokwenda. Picha zile ndizo zilizokuja kunisaidia. Au zingenisaidia, kama ningekuwa nazungumza na watu wanaokubali kuona.

Siku ya kulichukua, kijana wa kaunta akalileta akalilaza juu ya kioo, "Bosi, mzigo wako huu hapa, limekuwa jipya." Nikaliinua nipige. Nilipiga kama dakika mbili hivi, yale ya rhythm ambayo wapenzi wa Msondo na Sikinde wanayajua bila kuambiwa, na nakiri nilitabasamu. Lilikuwa tamu. Kisha nikaliinamisha kwenye mwanga.

Pale shingo inapokutana na mwili, upande wa chini mkono unapoingia kutafuta noti za juu, kulikuwa na kiraka cheupe ukubwa wa kiganja. Siyo mkwaruzo. Ukungu, tena umo ndani ya laka, haufutiki. Nikasogeza jicho. Ndani ya ule ukungu kulikuwa na vimraba vidogo vidogo, nyuzi za kitambaa zimejichapa moja baada ya nyingine, unaona kabisa ni kitambaa cha aina gani. Na pembeni yake, safi kabisa, dole gumba. Mistari yote. Kama mwenye dole lile bado anahangaika na NIDA, aje achukue alama kwangu.

Nikamwita yule kijana. Akaangalia, akasema, "Hiyo ilikuwepo."

Nikafungua simu, nikamwonyesha picha niliyopiga palepale aliposimama, hata mkono wake unaonekana kwenye picha. Akaivuta ikawa kubwa, akaivuta tena, akasema, "Hapo ni mwanga tu, kaka. Simu zinadanganya." Nikamwambia angalia hii nyuma, angalia hii mbele, laka inang'aa hapa, na leo haing'ai. Ndipo akaniuliza swali ambalo nimelala nalo, nimeamka nalo, na nikiwa kwenye daladala bado nalijibu kimoyomoyo:

"Kwani wewe gitaa lako unalipiga au unaliangalia?"

Wateja wawili waliokuwa wanajaribu maiki wakacheka.

Ningesamehe alama. Nasema kweli, ningesamehe, mikono ni mikono, kazi ina bahati mbaya zake. Lakini swali lile! Mtu akipeleka gari kwa fundi wa breki, likarudi boneti limechunika, ataulizwa kama gari analiendesha au analiangalia? Bwana harusi akirudishiwa suti na dobi ina alama ya pasi mgongoni, ataambiwa si inavalika? Mimi ndiye ninayelishika kila wikiendi, nalijua kila kovu lake. Kuna mahali mkanda wa mzee umekula rangi kwa miaka na miaka, pale sigusi wala sitaki paguswe. Kovu lile amelifanya mtu kwa kupiga. Hili la kwao amelifanya mtu kwa uvivu.

Na bado hayajaisha. Nikiwa natafuta maneno, kijana keshalibeba. "Subiri tulisafishe." Nikasikia kitu kinasuguliwa kule nyuma, nikazunguka kaunta nikaambiwa wateja hawaruhusiwi kupita. Lilipotoka linanukia polishi ya magari. Ukungu umepungua kidogo, sawa. Ila kwenye ukingo, ambako laka siku zote ni nyembamba, wamesugua mpaka wekundu ule wa sanbasti, rangi inayokolea kuelekea kingoni, umeondoka na mbao inachungulia. Sasa ni madhara mawili, na la pili nimefanyiwa nikiwa nimesimama palepale, nimelipia.

Nikaomba kuongea na mwenye duka. Nikapewa simu. Huyu alikuwa mpole mno, wa kuniita "ndugu yangu" kila baada ya maneno matatu. Akaniahidi watalipulizia lote, bure, "klia nzito ya magari, ile ya hadina, litang'aa kuliko lilivyotoka Marekani." Klia ni ile rangi angavu ya juu, na hadina ni dawa ya kuigandisha. Nikamwambia silitaki ling'ae kuliko lilivyotoka Marekani. Klia ya hadina juu ya nitro ya zamani inaweza kuifanya ya chini ikunjamane, na hata ikikubali, gitaa la umri huu likishapakwa upya thamani yake inaporomoka, wanunuzi wa magitaa ya zamani jambo la kwanza kuuliza ni kama rangi ni ya kiwandani. Akasema, "Ndugu yangu, basi nikupunguzie elfu 20 ukija tena." Nikija tena! Kwamba nilete lingine mliunguze kwa punguzo.

Hapo ndipo nilipokuwa nimeshaandika kichwani tathmini ya nyota moja, na hiyo moja kwa sababu sifuri haiandikiki.

Lakini nikiwa nje natafuta bajaji, akatoka fundi mwenyewe. Mtu mzima, vumbi la freti kwenye kucha, mle dukani sikumsikia akitoa hata neno. Akaniambia, "Mdogo wangu, samahani sana. Freti nilimaliza mimi, nikaenda kuswali. Zile tepu tulizobandika kukinga mwili ziliacha gundi, dogo akachukua thina ya rangi akafuta. Nilivyorudi nikamwambia, hapa umeharibu." Halafu akanieleza, amesimama palepale kwenye jua, kwa nini ni nyeupe. Thina inaruka haraka, ikiruka inapooza uso wa laka, na kwa unyevu wa hewa wa Dar majira haya maji yanatua pale na kufungiwa ndani laka inapokauka tena. Ndio ule ukungu. Kwamba gundi ile ingetoka kwa nafta, petroli nyepesi ya kusafishia, kwenye pamba, taratibu, laka isihisi kitu. Na kwamba uzuri wa nitro ni huohuo uliotuponza: laka mpya ikipuliziwa juu ya ya zamani inaiyeyusha kidogo na kushikamana nayo, kwa hiyo kiraka kinaweza kujazwa hapohapo kilipo bila kugusa sehemu nyingine. "Usikubali wakupulizie klia," akasema. "Ukikubali, basi tena."

Unaona sasa ninavyoteseka? Elimu yote ilikuwemo ndani ya jengo! Mita chache kutoka kwenye ile chupa ya thina alikuwepo mtu anayeijua nitro kuliko wote niliowahi kukutana nao, na hakuna aliyemsubiri amalize kuswali. Kaunta anasimama anayechekesha wateja, chumba cha nyuma kakaa anayejua kazi, na mwenye duka yuko kwenye simu anauza klia. Nilikuwa nimetoka na hasira na fundi, nikajikuta nimerudi nazo zote kwa kijana, na zilizobaki kwa bosi wao.

Kwa hiyo mtu anayetaka tathmini, nampa hii. Kwa freti, mpeleke hata gitaa la baba yako. Nyota tano, na ningeongeza. Nilipofika nyumbani nikafungua na kukagua, hata pikapu, zile sumaku za kunasa sauti chini ya nyuzi, hazina unga wa chuma, na kila aliyewahi kusafishiwa freti kwa manyoya ya chuma anajua zile sumaku zinavyonasa takataka ya uzi kwa uzi. Alizifunika. Mtu aliyekumbuka kufunika sumaku hastahili kuwekwa kapu moja na wale wengine. Kwa duka lenyewe, sitoi nyota. Walikana kitu kinachoonekana, wakanicheka, wakaharibu mara ya pili wakijaribu kuficha mara ya kwanza.

Kama gitaa lako ni la poliyesta, pengine yote haya hayakuhusu, nenda, utatoka unacheka. Kama ni nitro, au yale ya nyuzi za nailoni yaliyopigwa shelaki, vanishi ya asili, kwa mkono, ambayo yenyewe hata spiriti inayayeyusha, simama na fundi mwenyewe, mwambie kwa mdomo limepakwa nini, na muulize akitoka nani anabaki na chupa. Ukijibiwa na kaunta, chukua gitaa lako uondoke.

Mpaka naandika haya gitaa liko nyumbani na dole gumba lake. Fundi kasema atakuja kulitengeneza kwangu siku yake ya mapumziko, masika yakishakatika, maana laka ukipuliza kwenye hewa ya mvua unatengeneza ukungu mwingine juu ya ule wa kwanza. Binamu yangu aliyeko Dubai alitaka kuninunulia kopo la kupuliza huko, nikamwambia asihangaike, ndege hawaruhusu, nitro ni kitu cha kulipuka moto. Nitaanzia Keko kwa mafundi wa samani, niangalie makopo yaliyoandikwa NC, yaani nitroselulosi, fundi kanipa maelekezo ya thina ya kukausha polepole ya kuchanganya nayo.

Mwenye duka bado ananitumia ujumbe. Wa jana unasema klia wameshanunua, wananisubiri. Nimemjibu nataka nusu ya hela yangu. Akauliza, kama freti ni nzuri, nusu ni ya nini? Nikamjibu freti ninazipiga, nusu ni ya kuangalia. Ameisoma, hajajibu.