Miezi 23 na waya za chuma mdomoni: uzoefu wangu

Nilitolewa waya za kunyoosha meno mwezi uliopita. Sikutaka kuandika siku ileile, maana siku ile ningesifu kila kitu.

Nilianza nikiwa na miaka 31. Meno yangu ya chini ya mbele yalikuwa yamepandana, chonge moja ya juu ilikuwa imetokeza nje ya safu, na meno ya juu yaliyatangulia ya chini kwa milimita 6. Nilidhani nimechelewa. Daktari alinieleza kwamba meno ya mtu mzima husogea pia, cha msingi ni fizi na mfupa viwe na afya. Kabla ya lolote alinipima fizi, akanipiga eksirei, akaziba jino lililokuwa limetoboka. Ukikutana na mtu anayetaka kukubandika waya siku ya kwanza bila hayo, ondoka.

Nilipewa chaguo la chuma, la kauri yenye rangi ya jino, na la trei za plastiki za kuvaa na kuvua. Nilichukua chuma. Ni imara kuliko kauri, na zaidi ya hapo najijua: kitu cha kuvuliwa nitakivua. Sababu hiyo ikumbukeni, itarudi.

Ili nafasi ipatikane ilibidi magego mawili madogo ya juu yang'olewe. Meno yalikuwa mazima, na uamuzi huo uliniumiza kuliko kung'olewa kwenyewe.

Siku ya kubandikwa hakukuwa na maumivu. Meno yalisafishwa, yakapakwa asidi ya kukwaruza uso ili gundi ishike, kisha kila jino likawekewa kibati chake, kipande kidogo cha kushikilia waya, na gundi ikakaushwa kwa mwanga wa bluu. Maumivu yalikuja saa chache baadaye, yakafika kilele siku ya pili. Hata meno kugusana tu ilikuwa taabu. Siku ya tano nilianza kutafuna vitu laini. Mashavu ndiyo yaliyochelewa kuzoea. Vidonda vilinisumbua karibu wiki tatu. Nta ya kubandika juu ya kibati kinachokwaruza inasaidia sana, ila futa kibati kikauke kwanza, vinginevyo haishiki. Hilo niliambiwa wakati nusu ya paketi imeshaishia tumboni.

Waya ya kwanza ilikuwa nyembamba, ya nikeli na titani, inayojaribu kurudia umbo lake kwa joto la mdomo. Ndiyo maana maji baridi yalinipa nafuu: kwa dakika chache waya hulegea. Jino nalo halikugandishwa kwenye mfupa, limeshikwa na nyuzi ndogo. Likisukumwa, mfupa wa upande unaobanwa humung'unywa, na upande wa pili hujengwa mfupa mpya. Kazi hiyo haiharakishwi. Miezi minne ya mwanzo meno ya mbele yalinyooka hadi watu wakaniuliza nitatoa lini, lakini kufunga mapengo ya magego, kwa waya nene ya chuma cha pua, kulikwenda kama milimita moja kwa mwezi.

Mwezi wa 14 nikapewa mipira: midogo, ya kuvutwa kutoka chonge ya juu hadi gego la chini, ili meno ya juu yarudi nyuma. Saa 22 kwa siku, kuvua wakati wa kula na kupiga mswaki tu, na kila siku mipya kwa sababu mpira huchoka. Mimi niliivaa usiku peke yake. Mchana ilinibana ninapoongea, nikajiambia usiku unatosha. Baada ya wiki sita daktari alipima akakuta milimita zilezile. Wiki sita nyingine, zilezile. Hakunigombeza. Alinieleza tu kwamba mvuto wa saa chache unaumiza jino bila kulihamisha, maana likiachiwa linarudi. Na kweli kila usiku maumivu yalikuwa yanaanza upya. Nilipoivaa ipasavyo, siku nne tu ilinisumbua, na hesabu ikaanza kushuka.

Niliambiwa miezi 18, nikamaliza 23. Miezi mitano hiyo siwezi kuilaumu waya.

Usafi nao usiuchukulie kirahisi. Dakika kumi kila ninapokula: mswaki juu na chini ya waya, kibrashi chembamba kati ya vibati, uzi wa meno usiku, dawa yenye floraidi. Kuna siku nilichoka nikaruka upande wa kushoto. Leo jino moja la chini upande huo lina alama nyeupe ya umbo la kibati, mahali ambapo utando wa bakteria ulikaa na asidi yake ikayeyusha madini ya jino. Haitoki kwa mswaki. Kila nikipiga miayo mbele ya kioo naiona.

Vibati viwili vilibanduka, vyote kwa kuuma kitu kigumu, na mara moja ncha ya waya ilinichoma shavu usiku. Nta ikanifikisha asubuhi.

Je, ningerudia? Ndiyo, na ningechagua chuma hichohicho. Nauma sawasawa, meno ya chini yanasafishika, na nacheka bila kuficha mdomo kwa mkono, tabia niliyokuwa nayo tangu shule.

Sasa nyuma ya meno ya chini nimegundishwa waya nyembamba ya kuyashikilia. Ya juu yana riteina ya plastiki, trei ya kuyazuia yasirudi yalikotoka, na hiyo ni ya kuvua. Wiki iliyopita niliiacha kwenye kikasha siku nzima. Usiku nilipoivaa ilibana, na jino la mbele likauma kwa namna ninayoifahamu. Kikasha sasa nakihifadhi kando ya mswaki, na kikiwa hapo lazima kiwe kitupu.