Mshairi aliye mbali na Mbeya: arudhi au shairi huru?

Nikiwa ugenini, mstari wa kwanza hunijia kwa mizani: “Mbeya mji wa baridi, moyo wangu umebaki.” Silabi nane kwa nane, kumi na sita. Sikuhesabu, ulikuja hivyo.

Hiyo ndiyo nguvu kubwa ya arudhi, yaani kanuni za vina na mizani: inakaa kichwani. Mshairi Mkenya Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa maandishi yaliyoipinga serikali, na mashairi ya gerezani aliyatunga kwa vina na mizani. Alipotoka alihamia Dar es Salaam, baadaye Uingereza na Ujerumani. Mtu aliyenyang'anywa karatasi, nchi na jirani, bado shairi lenye vina anaweza kuliimba gizani. Na siasa ikipita kwenye kibwagizo, msikilizaji huondoka nayo.

Shairi huru, lisilofungwa na vina wala mizani, lina lake. Mwandishi Mtanzania Euphrase Kezilahabi alilitetea tangu miaka ya 1970, akalaumiwa sana, na baadaye alifundisha Botswana. Katika shairi huru naweza kuacha neno “ndaga” (asante) la bibi yangu Mnyakyusa lisimame peke yake, pasipo kulitafutia kina. Ukungu wa mlima Loleza, kelele za soko la Mwanjelwa, simu iliyokatika katikati ya habari za msiba: haya hayaji nane kwa nane.

Kwa hasira dhidi ya watawala, nachagua arudhi. Kwa kumlilia bibi niliyeshindwa kumzika, nimejaribu zote mbili, na ni shairi huru tu lililonikubalia kunyamaza pale nilipokosa neno.